Umar bin Abdulaziz, na Khatima ya Jambo Lililomtegemea Mtu Mmoja

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Aghlabu jumuiya ya Waislamu ikianguka, watu huuliza khabari za fedha. Husema mchango ulikuwa mdogo, au kanuni hazikuandikwa vizuri, au wakubwa hawakusaidia. Ni wachache wanaouliza aliyekaa mbele alikuwa mtu wa namna gani. Nayo jumuiya ikistawi, watu humsifu aliyekaa mbele, wala hawaulizi kitabaki nini siku atakapoondoka. Maswali haya mawili tumeona kheri kuyatazama katika maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake halimpiti Mwislamu yeyote: Khalifa Umar bin Abdulaziz, Mwenyezi Mungu amrehemu. Yeye alitawala miaka miwili na miezi mitano tu, na katika muda huo mfupi mna majibu ya maswali yote mawili.

Umar alizaliwa katika miaka ya sitini na kitu ya Hijra, nayo ni kiasi cha mwaka 680 wa miladi. Baba yake ni Abdulaziz bin Marwan, wa ukoo wa Banu Umayya, aliyekuwa liwali wa Misri kwa muda wa miaka ishirini. Mama yake ni Ummu Asim, mjukuu wa Siyidna Umar bin al-Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Basi kwa baba alirithi ufalme, na kwa mama alirithi damu ya yule aliyekuwa akilala juu ya mchanga na huku wafalme wakimwogopa. Urithi huu wa pande mbili ulishindana ndani yake miaka mingi.

Baba yake alimpeleka Madina akasome, akakaa chini ya wanavyuoni wakubwa wa mji huo. Mwalimu wake aliyemlea alikuwa Salih bin Kaysan. Imepokewa kwamba siku moja kijana alichelewa sala ya jamaa, na alipoulizwa akasema kwamba mtumishi wake alikuwa bado akimchana nywele. Mwalimu akampelekea baba khabari Misri, na baba akatuma mtu khasa wa kuzinyoa nywele hizo, asizungumze lolote na kijana mpaka amekwisha kuzinyoa. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakilea watu ambao kesho watapewa mambo ya watu.

Hata hivyo, tusidhani kwamba alikuwa zahidi tangu utoto. La. Alikuwa kijana wa nyumba ya kifalme, mwenye kupenda nguo za thamani na manukato, hata mwendo wake wa maringo ukapewa jina lake na vijana wakauiga. Alimwoa Fatma, binti wa Khalifa Abdulmalik bin Marwan. Aliishi katika neema, naye aliijua ladha yake. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu alichokiacha baadaye alikiacha hali yuakijua.

Mwaka 87 wa Hijra (706) Khalifa Walid bin Abdulmalik alimfanya liwali wa Madina. Hapo twaona alama ya kwanza ya tabia yake ya uongozi. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuwakusanya wanavyuoni kumi wa mji, miongoni mwao Urwa bin Zubayr, na Qasim bin Muhammad, na Salim bin Abdullah bin Umar, akawaambia kwamba hatakata shauri kubwa ila kwa rai yao, na kwamba wakiona mfanyakazi wake amedhulumu, basi ni juu yao kumfikishia khabari. Kiongozi aghlabu hutafuta watu wa kumwitikia. Huyu alitafuta watu wa kumzuia.

Walakini katika kazi hiyo hiyo alipatikana na jambo ambalo halikumtoka moyoni mpaka kufa kwake. Khalifa Walid alimwandikia amri ampige mijeledi Khubayb, mwana wa Abdullah bin Zubayr, na amwadhibu kwa maji ya baridi. Umar alitii amri. Khubayb akafa. Imepokewa kwamba tangu siku hiyo Umar hakupata raha, na kila alipobashiriwa kheri kwa amali zake njema, alikuwa akiuliza atafanyaje na Khubayb. Hakusema kwamba dhambi ni ya aliyeamrisha. Alijua kwamba mkono uliopiga ulikuwa chini ya mkono wake. Twaona sisi kwamba uadilifu wake wa baadaye ulianzia hapa, kwani mtu aliyekwisha kuonja uchungu wa kutii dhulma hawi mwepesi wa kuiamrisha.

Katika mwaka 93 (712) aliuzuliwa. Sababu yake ni Hajjaj bin Yusuf, liwali wa Iraq, mtu wa upanga na vitisho. Watu wa Iraq walikuwa wakimkimbia Hajjaj wakipata amani Madina na Makka chini ya Umar. Hajjaj akamshitaki kwa Khalifa kwamba Hijazi imekuwa kimbilio la waasi. Basi akaondolewa mpole, akabaki mkali, kwa kuwa mkali alikuwa akileta mali na utulivu wa juu juu.

Akaja Khalifa Sulayman bin Abdulmalik, naye alikuwa akimpenda Umar na kumshauri. Mwaka 99 (717) Sulayman akaugua huko Dabiq, upande wa kaskazini wa Sham. Mwanawe aliyekuwa mkubwa hakuwapo, na waliokuwapo walikuwa wadogo. Mwanachuoni Rajaa bin Haywa akamshauri amwachie jambo mtu mwema. Sulayman akaandika wasia, akamtaja Umar, na baada yake Yazid bin Abdulmalik, ili nduguze wasifanye fitina. Wasia ukatiwa muhuri, na watu wa nyumba ya kifalme wakaapa kumtii aliyetajwa ndani wala hawamjui. Ulipofunguliwa, wengine walikasirika, na Umar mwenyewe akatahayari.

Sasa na tutazame. Dola aliyoirithi Umar ilikuwa imetoka Andalusi mpaka Sindi. Majeshi yalikuwa yale yale, makarani wale wale, baitulmali ile ile, sharia ile ile ya Mwenyezi Mungu iliyokuwapo siku ya jana. Kilichobadilika ni mtu mmoja. Na katika muda wa miezi michache watu wa mashariki na magharibi waliona kwamba wamo katika zama nyingine.

Siku ya kwanza aliletewa farasi wa msafara wa kifalme, akawakataa, akapanda nyumbu wake. Farasi wakauzwa, na thamani yao ikatiwa katika baitulmali. Kisha aliwaambia watu kwamba amepewa jambo hili bila ya kutakwa shauri yeye wala wao, kwa hivyo wamefunguliwa kiapo chao na wamchague wamtakaye. Watu wakamrejeshea wenyewe, kwa radhi zao.

Kisha akaanza kurejesha mali zilizodhulumiwa. Hakuanza kwa mali za watu. Alianza kwa mashamba yake mwenyewe, akazichana hati alizokuwa nazo. Shamba la Fadak alilirejesha katika hali lilivyokuwa zamani za Mtume, rehema na amani zimshukie. Mkewe Fatma alikuwa na johari alizopewa na baba yake Khalifa. Umar akampa khiyari, azirejeshe katika baitulmali au waachane. Fatma akachagua kubaki naye, na johari zikaenda. Alipokwisha kuisafisha nyumba yake, ndipo alipowageukia Banu Marwan, akawatoa mikononi mwao mali ambazo hawakuwa na haki nazo. Walighadhibika, wakampeleka shangazi yake mzee kumwombea radhi. Akamsikiliza kwa heshima zote zimpasazo shangazi, wala hakumrejeshea hata dirhamu moja.

Aliondoa desturi mbaya ya kumlaani Siyidna Ali juu ya mimbari, Mwenyezi Mungu amkirimu, desturi iliyokuwa imekaa miaka na miaka hata watu wakaidhani kuwa ni dini. Alikataza maliwali kufanya biashara katika nchi wanazozitawala, kwani liwali akiwa mfanyabiashara, nani atakayeshindana naye sokoni? Yazid bin al-Muhallab, aliyekuwa mkubwa wa Khurasani, alitakwa hisabu ya mali aliyoikiri mwenyewe kwa barua, akashindwa kuitoa, akafungwa, wala jina lake kubwa halikumfaa.

Khurasani vile vile kulikuwa na dhulma nyingine. Watu wa huko walikuwa wakisilimu, na bado wakitozwa kodi ya jizya, kwa sababu wakusanyaji waliona kwamba kila mtu anayesilimu huipunguza baitulmali. Wakasema watu hawa wamesilimu kwa kukimbia kodi, basi na wajaribiwe kwanza kwa kutahiriwa. Umar akakataza jambo hilo, akamfahamisha liwali wake Jarrah bin Abdallah kwamba Mtume aliletwa ulimwenguni kuwa mlinganiaji, wala hakuletwa kukusanya kodi wala kutahiri watu. Kisha akamuuzulu. Mali ilipungua, na Waislamu wakaongezeka. Hapa twaona jinsi tabia ya mkubwa inavyoamua hata jambo gani liitwe faida na lipi liitwe hasara.

Na watu wa Samarkand walimlalamikia kwamba jemadari Qutayba bin Muslim aliuingia mji wao kwa hila. Umar hakuukata mwenyewe mashitaka hayo, bali aliamrisha wawekewe kadhi awasikilize. Kadhi akahukumu kwamba majeshi ya Waislamu yatoke, na mambo yaanze upya, kwa sulhu au kwa vita. Wenye mji walipoona hivyo waliridhika na hali iliyokuwapo, kwani waliona uadilifu ambao hawakuuzoea.

Khabari za nyumbani kwake zajulikana na wengi: kwamba alikuwa na taa ya baitulmali kwa kazi za watu, na mtu akianza kumuuliza khabari za nafsi yake na wanawe, huizima na kuwasha taa yake. Wengine husimulia kisa hiki kama hadithi ya kustaajabisha tu. Lakini faida yake ni kubwa kuliko mafuta yaliyookolewa. Karani anayemwona mkubwa wake azima taa, hawezi kulala na huku amebeba kalamu ya serikali mfukoni.

Wanahistoria wamepokea jambo moja linalofupisha maneno yetu yote. Zamani za Walid, aliyependa majengo, watu walikuwa wakikutana huulizana khabari za majengo na mashamba. Zamani za Sulayman, aliyependa chakula na wanawake, huulizana khabari za ndoa na vijakazi. Zamani za Umar, huulizana mtu amesali kiasi gani usiku na amekhitimu Qurani lini. Hawakuamrishwa kwa waraka wala kwa bakora. Walimtazama aliye mbele, wakaenda njia yake. Hili ndilo jibu la swali letu la kwanza.

Ama swali la pili, jibu lake ni chungu zaidi.

Umar alikuwa na mwana jina lake Abdulmalik, kijana mcha Mungu kupita umri wake. Kijana huyu alikuwa akimhimiza baba yake ayatimize mambo yote mara moja, wala asiogope yatakayompata. Umar alimfahamisha kwamba akiwabebesha watu haki yote kwa mara moja, achelea wataitupa yote kwa mara moja. Akaona bora kila siku aue bidaa moja na ahuishe sunna moja. Maneno ya baba ni ya hekima, na maneno ya kijana yalikuwa na onyo, kwani muda haukuwapo. Abdulmalik alikufa kabla ya baba yake, na baba hakuishi sana baada yake.

Walikuwapo pia Makhawariji walioinuka chini ya mtu aliyeitwa Shawdhab. Umar hakuwapelekea upanga kwanza. Aliwaita wamtumie watu wa kujadiliana, na hoja zao nyingi akazijibu. Lakini walimuuliza jambo moja: ikiwa yeye ni muadilifu, yuaridhikaje kwamba baada yake awe Yazid, naye amjua? Umar akajibu kwamba Yazid aliwekwa na mwingine, si yeye. Wakamuuliza tena kama mtu aliyewekewa amana ya watu aweza kuiacha iende kwa asiyeaminika. Akaomba muda wa siku tatu afikiri. Imepokewa kwamba Banu Marwan walichelea atamwondoa Yazid katika wasia, wakamtilia sumu kwa mkono wa mtumishi. Aliugua, akamwita mtumishi, akamuuliza alichopewa. Akaambiwa dinari elfu. Akaziagiza, akazitia katika baitulmali, na mtumishi akamwambia aende zake mahali asipoonekana. Akafariki huko Dayr Siman, katika nchi ya Sham, mwezi wa Rajabu mwaka 101 (720), umri wake ni kiasi cha miaka arubaini hivi.

Yazid akashika ukhalifa. Imesemwa kwamba siku arubaini alijaribu kwenda kwa mwendo wa Umar, kisha akaacha. Maliwali wa Umar wakauzuliwa. Yazid bin al-Muhallab, aliyetoroka kifungoni aliposikia kwamba Umar yu mgonjwa, kwa kumwogopa Khalifa ajaye, aliasi Iraq, na damu nyingi ikamwagika kabla ya yeye kuuawa mwaka 102. Afrika ya kaskazini ilipewa liwali aliyekuwa karani wa Hajjaj, akarejesha jizya juu ya waliosilimu, na watu wakamuua. Dola ile haikukaa sana baada ya hapo. Mwaka 132 (750) Banu Abbas waliivunja. Walipozifukua kaburi za makhalifa wa Banu Umayya kwa chuki, kaburi la Umar, kama ilivyopokewa, hawakuligusa.

Basi je, hapana kilichobaki? Kilibaki kimoja, na hapa ndipo penye funzo. Katika ukhalifa wake Umar alichelea kwamba elimu ya hadithi itapotea kwa kufa wanavyuoni. Akamwandikia Abubakar bin Muhammad bin Amr bin Hazm, liwali wake wa Madina, na akamwagiza Imamu Ibn Shihab az-Zuhri, kwamba hadithi za Mtume zitafutwe na ziandikwe. Kazi hii hakuifunga kwa nafsi yake wala kwa kiti chake. Aliwakabidhi wenye kuijua, nao wakawa na wanafunzi, na wanafunzi wakawa na wanafunzi. Yazid alipokuja aliweza kuwauzulu maliwali, aliweza kurejesha mashamba na kodi, lakini hakuweza kuifuta elimu iliyokwisha kuingia katika vifua na karatasi za watu ambao riziki yao haikumtegemea yeye.

Angalia tofauti. Kila jambo lililosimama kwa macho ya Umar peke yake lilianguka macho yale yalipofumba. Lile alilowakabidhi watu wengi, wakalifanya lao, lilidumu. Hatusemi haya kwa kumtia ila Imamu wa uadilifu. Alifungwa na kiapo kilichotangulia, na umri haukumngoja. Lakini asiyesoma funzo katika maisha ya wema, atalisoma katika mabomoko ya nyumba yake.

Sisi wenyewe tumeliona jambo hili mjini kwetu. Palikuwa na chuo kilichosimamiwa na mtu mwema, asiyekula hata senti ya watu. Fedha alizitia kabatini mwake, na hisabu zote aliziweka kichwani mwake, na kila tulipomtaka aandike au ateue wa kumsaidia, alituambia tusijisumbue. Nasi tulinyamaza, kwa sababu tulimwamini, na kwa sababu kunyamaza kulikuwa kwepesi. Alipofariki, hapana aliyejua nani amelipa na nani anadaiwa, wala hati ya nyumba iko wapi. Wana wake wakagombana na jamaa za chuo, na watoto wakarejea majiani. Mwenyezi Mungu amrehemu, uaminifu wake haukuwa na shaka. Lakini tulimwachia peke yake, na twaona kwamba sehemu ya dhambi hiyo ni yetu.

Kwa hivyo, enyi ndugu zetu, mnapomchagua mtu wa kuwa mbele ya msikiti, au chuo, au wakfu, mtazameni kwanza nyumbani kwake, na jinsi anavyoitendea mali isiyo yake. Tabia yake itashuka kwa wote walio chini yake, apende asipende. Na mkimpata mwema, msishukuru tu mkarudi kulala. Mwambieni aandike hisabu. Wekeni watu wa kumzuia, kama Umar alivyojiwekea wale kumi wa Madina. Mtakeni awafunze wawili au watatu walio wadogo kuliko yeye, ili kazi iwe na warithi wengi. Wala msione haya kumuuliza, angali hai na afya, ni nani atakayeshika baada yake. Umar aliomba siku tatu za kulifikiri swali hilo, na hakuzipata.

Mwenyezi Mungu atupe viongozi wema, na atupe sisi akili ya kuudumisha wema wao baada yao. Amin.